Mwaka Waliotufungia Mbegu

Mwaka ule tulikula ugali wa njano. Ukitaka kujua ulikuwa mwaka gani usiniulize tarehe, niulize unga. Mahindi ya msaada, ya njano kama kiini cha yai, yananuka gunia hata ukiyasaga na kuyachekecha vipi. Siku ya kwanza watoto wangu waliusukuma kule. Siku ya pili walikwangua sufuria. Ndizi zilikuwepo kidogo, vidole vyake vyembamba kama vya mgonjwa, na migomba yenyewe tulikuwa tukiikatakata tunawapa ng'ombe, maana nyasi zilikwisha. Ng'ombe aliyeshiba mgomba hatoi maziwa, anatoa maji meupe. Kwa hiyo loshoro, chakula chetu cha mahindi, ndizi na maziwa ya mgando, hatukupika. Mmeru asiyepika loshoro ujue nyumba ile ina msiba au ina njaa.

Mimi nilikuwa mtu wa mboga. Kwangu ugali haukuliwa mkavu hata siku moja, na hilo nalisema kwa majivuno, anayekereka akereke. Mnafu, figiri, kabichi ya kichwa kigumu ambayo ukiigonga inaitika. Nusu ya Tengeru walikula kabichi yangu. Wengine waliikula mpaka wakawa wakubwa wa ofisi, ndio hao nitakaowaeleza.

Wajukuu wangu wananiambia nina roho ngumu. Wamesoma, wana maneno mazuri ya kusema jambo hilo hilo. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kuandika naweza, na kukumbuka naweza zaidi. Acha niandike, kisha waseme tena.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kabla ya hapo duka lilikuwa na rafu na vumbi tu. Sabuni tulipanga foleni, chumvi tulipanga foleni. Halafu mlango ukafunguliwa. Tengeru ikajaa mitumba, redio, mafuta ya kujipaka yanayonukia kama mahubiri ya harusi. Kila ulichouliza uliambiwa ruksa. Watu walisahau neno foleni. Halafu mvua zikakataa, za vuli na za masika, na katikati ya ruksa yote hiyo serikali ikakaa ikafikiri, ikaona kitu kimoja cha kukataza. Mbegu za bustani.

Nieleze kwanza nilichokuwa nacho, maana ndicho kilichochukuliwa.

Ninakaa Nkoaranga, juu ya hospitali, kwenye mteremko ambao mgeni akiupanda anashika magoti. Mume wangu alifariki akaniacha na watoto wanne na kihamba cha kahawa na migomba. Lakini kihamba ni cha ukoo. Mjane anakaa humo, anapalilia, anachuma, ila akinyanyua mdomo anaambiwa hiki ni cha baba zetu. Nilichoka kuambiwa. Nikateremka Kikwe, kule bondeni kwenye vumbi, nikamwomba mzee mmoja kipande cha ardhi kando ya mfereji. Alinipa mbele ya wazee wawili na mtungi wa pombe. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, na kila mtu wa kule aliyajua. Kila msimu nimpelekee sehemu ya mavuno. Maadamu napeleka, shamba ni langu, hata watoto wake hawanigusi. Msimu ukipita sijapeleka kitu, shamba limelala, na shamba lililolala linarudi kwa mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo ilivyo mahali penye mfereji: maji yanagawanywa kwa zamu, na zamu haipewi majani.

Pale Kikwe palikuwa padogo, unaweza kurusha jiwe kutoka pembe hii hadi ile. Lakini palikuwa pangu kwa mkono wangu. Nilipanda masale mpakani, vipandikizi nilivyovikata kwenye kaburi la mume wangu, ili hata yeye ajue nimepata pa kukaa.

Sasa tangazo. Siku ya soko, saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali, aliyesimama juu ya kreti la soda kutusomea ni shemeji yangu. Mdogo wake marehemu mume wangu, tumbo moja. Alikuwa katibu wa kata. Kijana huyo nilimkuta bado anavaa kaptula nilipoolewa. Alikaa kwangu akisoma, akila kwenye sufuria yangu. Leo amevaa suti ya Kaunda na kalamu mbili mfukoni, anakohoa kabla ya kusema.

Akasema hali ni ya dharura. Maji ya mlima hayatoshi mjini Arusha. Kwa hiyo, kuanzia siku ile, duka lolote lisiuze mbegu za mboga, wala mbolea ya bustani, wala dawa ya kupulizia, wala keni ya kumwagilia, isipokuwa kwa mwenye kibali. Mtu aliyebuni jambo hilo huko juu naona alijipongeza sana. Huwezi kumkataza mama asichote maji usiku, lakini ukimnyima mbegu atamwagilia nini?

Mama mmoja muuza nyanya, jirani yangu wa meza pale sokoni, ulimi wake haujawahi kulala, akapaza sauti:

"Na mashamba ya maua, mheshimiwa?"

Maana yalikuwa yameanza, yale mashamba ya maua ya waridi chini kule, nailoni nyeupe mpaka macho yanauma, mabomba yanatiririka mchana kutwa.

Shemeji akasema, "Maua ni zao la kusafirisha nje. Hayahusiki."

"Kumbe wanaokula maua wapo!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu kichwani msimu wangu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mangi. Ndivyo tulivyomwita mwenye duka la pembejeo, kama tunavyowaita wote waliotoka Kilimanjaro wakafungua duka. Alikuwa ameshakokota kabati la mbegu mpaka nyuma ya pazia.

"Mangi, nipe kopo moja la kabichi."

"Mama yangu, usinifungishe duka."

"Nani kakuona? Nipe."

"Kufuli si langu. Wamekuja nalo wenyewe, na ufunguo wameondoka nao."

"Basi nipe keni. Yangu imetoboka tako."

"Keni marufuku. Ndoo ruksa."

Nikamtazama. "Keni na ndoo tofauti yake nini?"

Akajikuna shingo. "Matundu, mama."

"Kwa hiyo serikali imekataza matundu."

"Mimi niache. Mimi nauza sabuni sasa hivi."

Nilitoka pale nikicheka kwa hasira, kicheko kile kinachoumiza mbavu. Jioni hiyo nilitoboa kopo la mafuta ya kupikia kwa msumari, nikapata keni. Matundu mtu anayatengeneza. Mbegu ya kabichi huitengenezi. Wengi wa mjini hawajui hilo. Mnafu unaacha ukomae, unakamua tunda, unaanika mbegu, basi. Kabichi huku kwetu haitoi mbegu, inafunga kichwa mpaka inapasuka na kuoza. Mbegu yake lazima ununue, kila msimu, milele. Walipofunga kabati la Mangi, walifunga shamba langu la Kikwe. Hawakuhitaji kwenda huko.

Nikaenda ofisini kwa shemeji kuomba kibali. Nilivaa kitenge cha kanisani. Nilimkuta na chupa ya chai na sahani ya maandazi.

"Shikamoo, shemeji," akasema bila kunyanyuka. Zamani alinyanyuka.

"Marahaba. Nimekuja kutaka kibali cha mbegu."

"Ya mahindi?"

"Ya kabichi."

"Vibali ni vya chakula tu."

"Kabichi siyo chakula?"

"Kabichi ni mboga."

"Na wewe ulikula nini kwangu miaka yote ile, ulikula kibali?"

Akatazama mlangoni kama kuna mtu anasikiliza. Akashusha sauti. "Shemeji, mambo haya ni ya uchumi, ya fedha za kigeni. Huwezi kuyaelewa."

"Ninachoelewa ni kwamba msimu huu nisipopeleka mavuno kwa yule mzee wa Kikwe, shamba linaondoka. Unajua. Ulikuwepo siku ya mtungi, ulikunywa."

"Najua."

"Sasa?"

Akachukua andazi. "Sheria haina shemeji."

Maneno matatu. Alisema huku anatafuna.

Niliyarudisha yale maneno sokoni kama nilivyopewa. Sikuongeza chumvi, hayakuhitaji. Muuza nyanya aliyashika akayafanya wimbo wa siku. Na siku ya soko iliyofuata, wake wa wakubwa walipoteremka na vikapu vyao kuja kuchagua mboga zile chache zilizobaki, walikuta meza nzima imefunikwa kanga.

"Dada, nataka kabichi mbili."

"Una kibali?"

"Kibali cha nini?"

"Cha kula kabichi. Kabichi siyo chakula, utaumwa tumbo."

"Jamani, mimi ni mteja wenu wa siku zote!"

"Ndiyo, tunakujua mpaka kwenu. Ila sheria haina shemeji, mpenzi."

"Nenda kwenye maua," mwingine akadakia, "kamchumie mume waridi, likaangie kitunguu, litalainika."

Meza kwa meza, soko zima likakataa. Hakuna mwalimu mkuu, hakuna bwana shamba, hakuna mke wa ofisi aliyeuziwa hata jani la figiri. Tulikuwa tayari mboga zioze. Mimi zangu zilioza. Halafu tukaondoka sokoni wote, wanawake kwa wazee, na hata wanaume wa bustani walioogopa mwanzoni, tukaenda ofisi ya kata tukigonga keni tupu kwa vijiko. Sauti yake ilikuwa mbaya. Keni tupu ikigongwa inalia kama kitu kinachoomba kunyweshwa.

Walituletea mgambo. Mgambo wenyewe watoto wetu, tunawajua walivyonyonya. Mama mmoja akamwambia wa kwake, "Inua hilo rungu nikuone. Hizo suruali nimezifua mimi." Kijana akawa anaangalia viatu. Shemeji ndiye aliyetoka. Alikuja mpaka nilipo, kati ya watu wote wale, akaninyang'anya kopo langu la mafuta nililotoboa kwa msumari, akalipindua, akaonyesha watu matundu yake kama ushahidi wa mauaji. Kisha akalirusha nyuma ya ofisi. Zikafuata na za wengine. Zilikaa kule lundo, mvua ilipokuja zikashika kutu.

Kelele zetu zilifika mbali, nasikia mpaka mjini walizizungumza. Lakini kufuli la Mangi halikusikia.

Utaniuliza kwa nini sikupanda mahindi, maana yaliruhusiwa. Nilipanda. Nilichambua kwenye yale ya njano ya msaada, nikayanyima matumbo ya watoto wangu, nikayafukia Kikwe. Yalifika magotini yakafia hapo hapo, yamesimama, yakilia yakipigwa na upepo. Zamu yangu ya maji ilikuwa ya bustani, ya kunywesha mche mmoja mmoja kwa keni. Shamba la mahindi lingeyameza maji hayo bila kulowa. Muuza nyanya alinipatia mbegu za kabichi za magendo, zilizopita mpaka wa Namanga ndani ya soksi. Nikazitia kitaluni, nikazifunika majani ya mgomba, nikazinong'oneza. Zikaota haradali. Mtu mwingine alikuwa ameziona shida zetu akazifanyia biashara.

Msimu ukapita. Yule mzee wa Kikwe alipanda mlima mwenyewe mpaka kwangu, na umri wake ule, akiegemea mkongojo. Nilimpa kiti, nikampa maji. Alikunywa akitazama migomba yangu.

"Mwanangu," akasema, "shamba limelala."

"Limelazwa, baba."

"Najua. Lakini limelala." Akafuta jasho. "Watu wa maua wamekuja mara mbili. Wanangu wanawasikiliza."

Nilimsindikiza mpaka chini ya hospitali. Sikulia mbele yake. Baada ya wiki chache waya ulipita pale, masale yangu yakang'olewa na kutupwa mferejini, na pale pa kabichi zangu ikalala nailoni. Hapo ndipo kizuizi kilipoisha, lakini hakuna aliyesimama kwenye kreti kututangazia. Mvua zilinyesha, nikapita dukani, nikamwona Mangi amelirudisha kabati mbele.

"Ruksa, mama," akasema, hakuweza kunitazama usoni.

Nikamwambia aniuzie sabuni.

Tangu hapo nilichuuza mboga za wengine. Nilinunua kwa mwenye shamba, nikauza kwa mwenye njaa, nikawa wa katikati. Watoto walisoma, wajukuu wamesoma zaidi, simlilii mtu hali. Lakini mtu aliyewahi kukata kabichi yake mwenyewe na umande bado uko juu, halafu akasimama kupanga foleni ya kununua kabichi ya mwenzake, anajua ninachosema.

Vikaja vyama vingi. Shemeji akataka udiwani. Na kila alipokwenda kuomba kura, wanawake walimgongea vijiko. Hakuna matusi, hakuna mawe. Anafungua mdomo, wanagonga vijiko. Akaambiwa na wenye akili kwamba njia ya kura za Tengeru inapita kwenye uwanja wangu.

Akaja Jumapili baada ya ibada, na wazee wawili wa ukoo, na jani la sale.

Asiyetoka mlimani pengine hajui. Sale ni ule mmea tunaozungushia miji yetu na kupanda makaburini, hauogopi jua. Kwetu mtu aliyekukosea akikuletea jani lake mkononi, umeshikwa. Hata kama alimwaga damu, unalipokea na mambo yanaisha. Hulikatai. Sijawahi kumwona mtu aliyelikataa, wala mama yangu hakuwahi kumwona. Shemeji alijua hivyo. Ndiyo maana hakuleta maneno mengi, alileta jani.

Alipiga goti. Nguo nzuri, goti moja kwenye vumbi langu. Akaninyooshea.

Nikaliangalia lile jani. Bichi, linatoa maji kwenye mkato. Kisha nikaangalia uzio wangu, pale pa kuingilia. Kishina cha sale kilikuwa kinachuruzika, kimekatwa sasa hivi. Hata jani la kuniombea msamaha alilikata kwangu, akipita. Nyumbani kwake kuna uzio mzima. Hakuona haja ya kutoka nalo huko, kulishika njiani, watu wakamwona. Alifika mlangoni kwangu mikono mitupu, akachukua changu, akanipa.

Nikamwambia: "Jani nimeliona, shamba sijaliona. Sipokei."

Wazee walishtuka kama nimevua nguo. Mmoja akasema, "Mama, sale haikataliwi!" Nikasema kumbe inakatalika, mmeona wenyewe. Shemeji alibaki na mkono hewani, kisha akanyanyuka, akapangusa goti. Udiwani hakuupata. Mchungaji alikuja kunisomea neno, nikamsikiliza, nikampa chai. Ukoo ulininunia. Nilikosa nafasi kwenye harusi mbili, na kwenye msiba mmoja nilipewa chakula cha mwisho. Nilikula.

Miaka mingi imepita. Watu wa maua wamefilisika na kuondoka. Nailoni zimechanika, zinapigapiga upepo, na pale palipokuwa na kabichi zangu watu wamegawana viwanja, kuna nyumba ya bati jekundu na gereji ya pikipiki. Mzee wa Kikwe alishakufa. Hakuna mtu duniani anayeweza kunirudishia lile shamba, na mimi si mjinga, najua.

Mwezi uliopita wanawe shemeji walikuja, watatu, watu wazima wenye mvi. Baba yao yuko kitandani, hawezi hata kumeza uji. Wamekuja kwa adabu zote. Wameleta mzee wa ukoo, wameleta kitenge, na jani wamelikata kwao. Nililiangalia mkato, ulikuwa umeanza kukauka kwa njia ndefu. Mkubwa wao alipiga magoti yote mawili.

"Mama mkubwa," akasema, "baba anataka kuondoka akiwa mwepesi. Shamba halipo tena, unajua. Tungeweza tungelirudisha. Pokea tu."

Mjukuu wangu wa kike alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akaniinamia sikioni. "Bibi, jamani. Pokea."

Nilimtazama yule mtoto wa shemeji. Ana sura ya mume wangu, paji lile lile. Hakunikosea kitu. Nilimwambia anyanyuke asichafue suruali, nikamwambia mjukuu awaletee chai. Wakanywa. Halafu akaniuliza tena, kwa upole, amwambie nini baba yake.

Nikamwambia amwambie kama nilivyosema, asipunguze neno:

"Jani nimeliona, shamba sijaliona. Sipokei."